Kupinduka Ndilo Somo la Kwanza: Kayaki na Upepo wa Saa Nane Kisumu

Siku ya kwanza tuliposhusha kayaki za baharini kwenye ufuo wa Dunga, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake aliinua macho, akaikagua ile ya mbele kutoka omo hadi tezi, yaani kutoka pua hadi nyuma, kisha akauliza kwa utulivu: "Na ile nusu nyingine mmeiacha wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko, nasi hatukuwa na jibu. Kayaki ya baharini ina urefu wa mita 5 hivi na upana wa sentimita 55 hadi 60. Ukiketi ndani yake kwa mara ya kwanza hutetemeka kama mguu wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Unajiuliza ni akili gani iliyomtuma mtu aunde chombo cha namna hii kwa ajili ya bahari.

Walioiunda walijua walichokuwa wakifanya. Wainuiti wa Greenland na jamii nyingine za Aktiki walitumia vyombo hivi kuwinda sili kwenye maji ya barafu, fremu ya mbao au mifupa ikivikwa ngozi za wanyama, karne nyingi kabla ya mtu kufikiria kuugeuza uwindaji huo kuwa mchezo. Kwao kosa dogo lilikuwa kifo. Kama chombo kipana kingekuwa salama zaidi kwenye mawimbi, wangekiunda kipana.

Chukua sinia, uliweke juu ya maji ya beseni, kisha usukesuke beseni. Sinia hulala vile maji yanavyolala. Maji yakiinama, nalo huinama. Boti pana lenye tumbo bapa lina tabia hiyohiyo: kwenye maji tuli unaweza kusimama ndani yake ukavua shati, lakini wimbi likija ubavuni boti hulifuata wimbi na kukuinamisha wewe pamoja na mzigo wako. Kayaki yenye tumbo la mviringo huyumba kwa jambo dogo, lakini wimbi linapopita chini yake maji huinama peke yao na wewe ukabaki wima. Kuna uthabiti wa mwanzo, ule unaouhisi ukiwa ufuoni, na kuna uthabiti wa mwisho, ule unaokufaa maji yakichafuka. Mara nyingi ukiongeza mmoja unapunguza mwingine.

Ila kuna sharti: kiuno kilegee. Kayaki ikiyumba kushoto, nyonga ziyumbe nayo, na kifua kibaki pale pale. Mtu akikakamaa, mwili na chombo huwa kitu kimoja kirefu chenye kichwa kizito juu, na hapo hata wimbi la goti linatosha kumwangusha. Niliwahi kuwaona watu wawili wakianza siku moja, kijana mnyanyua vyuma na mama mmoja ambaye sifa yake mtaani ni kucheza ohangla harusini. Sitasema nani alirudi mkavu.

Sasa maji yenyewe. Karibu kila mgeni hupima ukorofi wa maji kwa kimo cha mawimbi. "Ni makubwa kiasi gani?" Swali lenye faida zaidi ni hili: yanafuatana baada ya sekunde ngapi? Simama Hippo Point saa tisa mchana, chagua gugu moja linaloelea, uhesabu tangu linapoinuliwa hadi linapoinuliwa tena. Moja, mbili, tatu. Mara nyingi hufikishi nne. Kwenye maji yenye kina, umbali kutoka mgongo wa wimbi hadi mgongo wa lifuatalo hupatikana kwa kuzidisha sekunde hizo kwa zenyewe, kisha kwa 1.56. Sekunde 3 zinakupa mita 14. Sekunde 12, ambazo ni za kawaida kwa mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali baharini, zinakupa mita 225.

Kayaki ya mita 5 juu ya wimbi la mita 225 ni kama bodaboda inayopanda kilima cha Riat: unapanda, unapanda, unafika juu, unateremka. Kimo kinaweza kuwa mita mbili na usisikie lolote tumboni. Juu ya wimbi la mita 14 ni bodaboda hiyohiyo kwenye matuta yaliyobanana. Omo haijamaliza kushuka, tuta linalofuata limeshaipiga. Maji yanakupanda kifuani, na ukitia kafi unalikosa wimbi, unapiga hewa. Ndiyo maana mtu aliyezoea bahari kubwa anaweza kuja Kisumu, akayaona mawimbi ya sentimita 70, akacheka, halafu akanyamaza baada ya robo saa.

Na kuna suala la kina. Wimbi huanza kuhisi sakafu pale kina kinapopungua nusu ya ule umbali wa mgongo hadi mgongo. Kwa wimbi letu la mita 14, hiyo ni mita 7. Ziwa Victoria kwa jumla si bwawa: lina wastani wa mita 40 kwenda chini, na mahali penye kina kikubwa zaidi ni takriban mita 80. Lakini Ghuba ya Winam, yenye kilomita za mraba 1,400 hivi, ni kama kiganja cha ziwa, na upande wa Kisumu kina ni cha mita chache tu. Kwa hiyo mawimbi ya mchana huwa yanaburuta miguu tangu mbali. Mwendo unapungua, yanasongamana, yanasimama wima. Kina kikishuka hadi kama mara 1.3 ya kimo chake, wimbi linavunjika.

Wimbi hulelewa na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na umbali wa maji yaliyo wazi mbele yake. Tazama ramani. Ghuba imelala magharibi kwa mashariki, mdomo wake uko Mbita na Rusinga, na mwisho wake ni Kisumu. Upepo wa mchana huingia kutoka ziwani na kufuata urefu wa ghuba. Yaani Kisumu hupokea mzigo ambao umekuwa ukikusanywa njia nzima.

Upepo huo haukosi sababu. Jua huipasha nchi kavu joto haraka kuliko maji; hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huingia kuziba pengo. Kuanzia saa saba au saa nane mchana majani ya minazi michache ya mjini huanza kugeuka, na maji yaliyokuwa kioo hupata mikunjo. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na hewa hutelemka kutoka bara kwenda majini. Watu wa Pwani huuita upepo wa alfajiri utokao bara umande. Wavuvi wa matanga wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, waliutumia kwa miaka mingi bila kusoma jiografia: kutoka na upepo wa alfajiri, kurudi na upepo wa mchana.

Mwanagenzi wa kayaki asipoelewa jambo hili, usimruhusu atoke. Asubuhi, karibu na ufuo, maji ni laini. Nyumba na miti vinakukinga, upepo unakupiga mgongoni kwa upole, kila kafi inakupeleka mbali bila jasho. Unajiona umeshajua. Ukifika mahali ambapo kinga imeisha ndipo unageuka kurudi, na ndipo unagundua kwamba ule upole ulikuwa ukikusindikiza kwenda Uyoma, mbali magharibi. Saa nane mchana ni kinyume: maji yanatisha, yana povu, lakini kila kitu kinachoelea kinasukumwa kuelekea Kisumu. Ukipinduka na usiweze kupanda tena, utafika nchi kavu umelowa na una aibu, basi. Kwa hiyo mazoezi ya maji makorofi hapa kwetu hufanywa mchana, upepo ukivuma kuelekea ufuoni, na ufuo wenyewe uwe wa mchanga au tope. Mawe ya Hippo Point hayafai hata kidogo.

Wanamaji hutumia kipimo cha Beaufort kuutaja upepo. Kipimo cha 3, kilomita 12 hadi 19 kwa saa, vichwa vyeupe vya mawimbi vinaanza kuonekana hapa na pale. Cha 4, kilomita 20 hadi 28, vimetapakaa. Cha 5, kilomita 29 hadi 38, huhitaji kuvihesabu. Uingereza, ambako mchezo huu una ngazi zake za vyeti, maji ya wastani kwa kiongozi wa msafara ni yale ambayo upepo hauzidi kipimo cha 4. Zamani niliona huu ni uoga wa Wazungu. Kisha siku moja, kwenye upepo ambao sasa najua ulikuwa wa 5, nilipiga kafi kwa dakika arobaini nikiutazama mti mmoja wa mkuyu ulio ufuoni ili nijue ninasonga. Mti ulikuwa palepale. Mtu wa kawaida hupiga kafi kwa kilomita 5 au 6 kwa saa akiwa mzima na hewa imetulia. Hesabu ya kutoa si ngumu. Ugumu ni kuifanya kabla hujaondoka.

Jambo jingine linalowatesa wanaoanza ni kayaki kukataa kwenda wanakotaka. Unalenga Kendu Bay, inageuza pua kuutazama upepo, kama mbuzi anayevutwa kamba. Sababu ni hii: chombo kinaposonga mbele, omo hukata maji mapya, yaliyotulia, ambayo huishika vizuri pande zote mbili. Tezi hupita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, kwa hiyo haina pa kushika. Upepo wa ubavuni ukija, tezi husukumwa kwenda demani, upande upepo unakokwenda, na omo hugeukia joshini, unakotoka. Kwenye kayaki nyingi kuna pezi dogo linaloteremshwa kwa kamba chini ya tezi. Ukiliteremsha kidogo, tezi inapata pa kushika na pua inatulia. Ukiliteremsha lote, pua itakimbia upepo. Pezi likikwama, na hukwama mara nyingi kwa kokoto za ufuoni, unabaki na dawa ya zamani: kalia tako la upande unakotoka upepo, inua goti la upande wa pili, ili chombo kiegemee upepo huku kifua chako kikiwa wima. Umbo la tumbo la kayaki litaipeleka pua upande mwingine. Ni zoezi la kuchekesha ukiwa kwenye maji tuli. Kwenye mawimbi ndilo linalokufikisha.

Kuegemea kafi pia hufundishwa mapema, na hueleweka vibaya mapema. Wimbi likikulaza, unaweka mgongo wa bapa juu ya maji, viwiko juu ya mpini, unausukuma chini kana kwamba unajiinua kutoka mezani. Maji hukataa kwa muda mfupi sana. Katika muda huo nyonga ndizo zinazorudisha chombo, kafi limekununulia sekunde tu. Wanaodhani kafi ndilo linalowainua hunyoosha mikono juu ya mabega ili wapate nguvu zaidi, na hapo ndipo bega hutoka kwenye kifundo. Mikono isipande juu ya bega. Afadhali ulowe.

Na kulowa ndiko kwenyewe. Watu huja wakisema wanataka kufundishwa wasipinduke. Mafunzo ya kweli yanaanza upande wa pili: unafundishwa kupinduka, tena na tena, hadi kupinduka kuwe ni jambo la kawaida kama kukosa matatu. Maana hofu ya kupinduka ndiyo inayomkakamaza mtu, na mtu aliyekakamaa ndiye anayepinduka. Fundo hili halifunguki kwa maneno. Hufunguka ukiwa kichwa chini.

Tulianzia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja, kwa sababu maji yake ni maangavu na kwa sababu nyingine nitakayoitaja. Unavaa jaketi la kuokoa maisha na sketi, ile nguo ya mpira inayokuzunguka kiunoni na kubana kwenye mdomo wa kayaki ili maji yasiingie. Mbele ya sketi kuna kitanzi. Kabla ya jambo lolote, kabla ya kugusa maji, kitanzi kiwe nje. Mwalimu wetu alikuwa akipita kwa kila mmoja na kukivuta kwa kidole, kila siku, hata kwa waliokuwa na miaka kumi katika mchezo, na hakuna aliyethubutu kukasirika. Kitanzi kikisahauliwa ndani, sketi inakuwa mlango usio na komeo la kufungulia.

Unavuta pumzi, unajilaza upande mmoja, dunia inageuka. Jambo la kwanza linalotaka kutokea ni miguu kupigana. Ndiyo sababu kuna kanuni inayoonekana ya kijinga: kabla hujatoka, toa mikono majini upande huu na huu, ugonge tumbo la kayaki mara tatu. Ko, ko, ko. Kugonga huko hakuna kazi nyingine ila kukuonyesha kwamba una muda. Kisha unainama mbele kama unaibusu sitaha, unafuata ukingo kwa vidole hadi kwenye kitanzi, unakisukuma mbele na kukivuta, unaweka mikono pembeni ya nyonga, unajivua kayaki kama unavyovua suruali. Jaketi linakupandisha. Yote ni sekunde sita, saba. Mara ya kwanza niliyofanya hivyo ziwani, nje ya bwawa, nilifungua macho. Upande wa Kisumu, mvua ikiwa imenyesha bara na mto Nyando umemwaga udongo wake, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Sikuona mikono yangu mwenyewe. Niligonga mara tatu, na nakiri ya tatu haikufika.

Baada ya kujua kutoka, unafundishwa kutokutoka. Kujigeuza, yaani kurudi juu ukiwa umeketi palepale, ndiyo mbinu inayopendwa kwenye video, na watu huitaka siku ya kwanza. Unajikunja mbele upande mmoja, kafi likiwa sambamba na kayaki, juu ya uso wa maji. Unalifagia nje kwa tao kubwa, mwili ukilifuata karibu na uso wa maji, na goti la upande unaoinuka linakivuta chombo kirudi juu. Kayaki inanyooka kwanza, kiwiliwili kinafuata, kichwa mwisho. Hapo kwenye kichwa ndipo wengi tulipokwama. Pafu linataka hewa, kichwa kinataka kuwa cha kwanza. Lakini kichwa kina uzito wa kilo 4 au 5, na ukikiinua kabla ya chombo kunyooka, uzito huo huirudisha nyonga chini na unaishia pale ulipoanza, sasa bila pumzi. Mwalimu alitupa hila: tazama bapa la kafi likisafiri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukilitazama, kichwa kinabaki kimelala kwenye bega kwa lazima.

Ajabu ni kwamba mbinu hii, kwa jinsi inavyosifiwa, si ndiyo iliyowarudisha wengi wetu nyumbani. Kilichoturudisha ni wenzetu. Ukishatoka na kuwa mwogeleaji kando ya chombo kilichojaa maji, huwezi tu kukigeuza ukapanda. Sehemu ya kuketi inaweza kubeba zaidi ya lita mia, na kila lita ni kilo moja. Ubaya zaidi ni kwamba maji hayo hayatulii. Mama yeyote aliyewahi kubeba karai lililojaa nusu anajua: likiinama kidogo, maji yote hukimbilia huko huko na kuliinamisha zaidi. Basi mwenzako anakuja, anaishika pua ya kayaki yako. Wewe unakwenda kwenye tezi na kuikandamiza. Yeye anaivuta pua ipande juu ya sitaha yake, vyombo viwili vikifanya msalaba, kayaki yako ikiwa bado kifudifudi. Nyuma ya kiti kuna ukuta unaotenga sehemu ya mizigo, kwa hiyo maji hayana pa kujificha, yanamwagika yote. Anaigeuza, anailaza kando yake, pua yako kwenye tezi yake, anaikumbatia kwa uzito wake wote. Unapanda kwa kifua kama mamba anayeota jua, miguu ikitangulia kuingia kwenye mdomo, kisha unajigeuza ukimtazama yeye muda wote.

Wawili waliozoea humaliza kwa dakika moja au mbili hata mawimbi yakiwapiga. Sisi, mara ya kwanza tulipojaribu mbele ya Dunga upepo ukiwa wa 4, tulitumia kumi na moja, na tulipomaliza tulikuwa tumesukumwa hadi karibu na vizingiti vya mafunjo. Aliyekuwa akinishikia kayaki alikuwa akinipigia kelele, "Miguu! Weka miguu!" nami nikimjibu kwa matusi ambayo nilimwomba radhi baadaye. Hapa ziwa letu lina huruma moja kubwa: maji yake huwa na nyuzi 24 hadi 27. Kwenye bahari za kaskazini, mtu anayeanguka kwenye maji ya nyuzi 10 hupigwa na mshtuko wa baridi, pumzi hukatika, na vidole hupoteza nguvu ya kushika kitanzi. Kwetu unaweza kupinduka saa nzima ukijifunza. Sijui kwa nini hatuuoni huo kuwa ni utajiri.

Kutua ufuoni mawimbi yakivunjika kuna kanuni moja inayopingana na silika. Wimbi likikushika kwa nyuma litaigeuza kayaki iwe ubavu, na kila mshipa wa mwili utakuambia uegemee ufuoni, ulikimbie. Ukiegemea huko, ukingo wa chombo unazama, wimbi linakipiga teke kutoka nyuma, na kichwa chako kinakutana na mchanga. Egemea wimbi lenyewe. Weka bapa juu ya povu, legeza nyonga, liache likuburute kwa ubavu hadi nchi kavu. Ndani ya ghuba zoezi hili ni dogo. Ukitoka nje ya Rusinga, upande wa kisiwa cha Mfangano unaotazama ziwa kubwa ambako upepo umepata makumi mengi ya kilomita za kukimbia, ni jambo jingine kabisa, na sisi tulikwenda huko mwaka wa pili tu.

Mambo ya ziwani kwenyewe nitayapitia haraka, kwa kuwa mwenyeji anayajua. Gugumaji hurundikwa na upepo kwenye ghuba ya mjini mchana, kwa hiyo ufuo uliotokea saa nne unaweza kuwa umefungwa saa kumi, na kayaki ndani ya gugumaji ni kama baiskeli kwenye zege mbichi. Kila mara tunakuwa na ufuo wa pili. Nyavu zina maboya ya chupa na vipande vya ndara ambavyo havionekani kati ya mawimbi. Viboko hukaa karibu na mafunjo, kwa hiyo mafunjo tunayapa nafasi. Ngurumo ikisikika kutoka Nandi au Kericho, tunatoka majini, hakuna mjadala. Na ile sababu nyingine ya kuanzia bwawani ni kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya kando yenye majani, kwa hiyo mazoezi ya kupinduka hufanywa mbali na ufuo, na kila baada ya msimu tunakwenda kupimwa, wiki kadhaa baada ya kulowa mara ya mwisho, kwani dawa haiwaui vizuri minyoo walio wachanga.

Je, mtu aliyefunzwa Kisumu yuko tayari kwa bahari? Nusu. Mawimbi mafupi yanakupa nyonga na kafi ambavyo wengi wa Pwani watakuonea wivu. Lakini ziwa halijai wala halipwi. Mombasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na maji yote hayo huingia na kutoka kupitia milango myembamba kama ya Kilifi na Mtwapa kila baada ya saa sita na ushei. Maji yakiwa yanatoka na kusi, upepo wa kutoka kusini, likiwa linavuma kuingia, mawimbi husimama mlangoni kama ukuta, mahali ambapo saa tatu kabla palikuwa laini kabisa. Kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales, watu husafiri kutoka mbali ili wafanye mazoezi makusudi kwenye mikondo ya namna hiyo, jedwali la maji mkononi. Hilo la jedwali ndilo tulilolikosa sisi. Tulipokwenda Kilifi mara ya kwanza tulijua kujigeuza na kuokoana, ila tulimuuliza mvuvi maji yanatoka saa ngapi, na alitutazama kama tumemuuliza jua huchomoza wapi.

Yule mzee wa Dunga alikubali kuingia kwenye kayaki mwezi wa tatu. Alikataa sketi, akakubali jaketi baada ya kubishana na binti yake. Alikwenda mita thelathini, akageuza bila kuambiwa namna, akarudi mkavu, kiuno kikicheza chini ya kifua kilichotulia kama cha mtu anayepiga gumzo. Miaka arobaini ya kusimama kwenye mtumbwi. Alitoka, akaizunguka mara mbili. "Samaki mnaweka wapi?"

Nikamfungulia kifuniko cha nyuma. Alichungulia, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa huku na huku. Ngege thelathini wataingia, akasema. Mbuta, yule samaki mkubwa, hapana.